Taa za trela zinafifia nikishika breki

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina trela ya ekseli mbili yenye breki za umeme kwenye magurudumu yote manne. Usiku nikikanyaga breki, taa zake za nyuma zinafifia, na trela inanisukuma badala ya kushika. Nikiwasha indiketa, taa zote zinacheza kwa mpigo mmoja. Balbu nimeshabadilisha. Sasa naambiwa ninunue kidhibiti kipya cha breki, kile cha garini kinachopeleka umeme kwenye breki za trela. Ninunue? – Mvuta Mizigo

JIBU: Usinunue chochote kwanza. Na nakusihi, trela hiyo usiipakie mzigo mpaka umalize haya.

Taa zinazocheza pamoja ni dalili ya ethi mbovu. Umeme unafika kwenye trela, lakini njia ya kurudi kwenye betri ya gari imebana, kwa hiyo unajipenyeza kupitia nyuzi za balbu nyingine. Mafundi wengi hudanganyika hapa: wakiona taa zinawaka, wanasema ethi ni nzima. Balbu ya taa ya nyuma ya wati 5 haifikishi hata nusu ampea. Sumaku ya breki moja hula karibu ampea 3, kwa hiyo zako nne ni kama 12. Kutu yenye ukinzani wa nusu omu tu, hata ikiushusha mkondo huo hadi ampea 9, inameza volti 4.5. Hapo sumaku haina nguvu ya kung'ang'ania ngoma ya gurudumu na kuvuta mkono unaotanua breki shuu, na taa zinazotumia njia hiyo hiyo zinafifia.

Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha sumaku zote nne za trela ya mteja. Wiki moja baadaye akarudi na shida ile ile. Chanzo kilikuwa skrubu moja ya ethi iliyokazwa juu ya rangi. Alikuwa amesafiri na watoto garini. Tangu siku ile sifungui gurudumu kabla ya kupima ethi.

Pima hivi. Washa taa, mtu akae garini abonyeze breki kwa kidhibiti. Weka multimita kwenye volti, waya mmoja kwenye hasi ya betri ya gari, mwingine kwenye chuma kitupu cha fremu ya trela. Ikizidi nusu volti, umeshampata mchawi. Kuhakikisha, unganisha kwa muda waya mnene kati ya sehemu hizo mbili. Taa zikichangamka, jambo limekwisha jibiwa.

Usitegemee kiungio cha kukokotea kipitishe umeme. Kina grisi na kutu, na barabara ikiwa mbovu kinagusa na kuachia. Ekseli nayo usiifanye ethi, maana kati yake na fremu kuna springi na bushi. Kila sumaku ina nyaya mbili, na haijalishi upi unakwenda wapi: mmoja uungane na waya wa breki, wa pili urudi wenyewe hadi kwenye waya mkuu wa ethi. Kwa plagi ya pini saba ya mpangilio wa Marekani, breki ni bluu na ethi ni nyeupe. Huo mweupe uwe wa shaba, milimita 4 za mraba au zaidi. Trela ikiwa ndefu, weka 6. Taa nazo zipate nyaya zao za kurudi.

Pale unapoufunga waya huo mweupe kwenye fremu, kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Tumia kichwa cha pete kilichobanwa kwa koleo lake, wosha yenye meno, na bolti. Kaza kwanza, ndipo upake grisi juu kuzuia maji. Hasi ya betri ya breki ya dharura, ile inayofunga breki trela ikichomoka kwenye gari, ije hapo hapo. Ukitaka kujaribu pini yake, ile inayovutwa kuiwasha, chomoa kwanza plagi ya gari, vinginevyo unaweza kuunguza kidhibiti.

Mwisho, pitisha ampea-mita kwenye waya wa bluu, kidhibiti kikiwa kwenye nguvu yote. Ukisoma karibu 12, magurudumu yote yanafanya kazi. Ukisoma karibu 9, moja limekufa: anza na waya unaopita ndani ya bomba la ekseli, maana humo husuguana na chuma mpaka ukachubuka.