Ukienda Msitu wa Kakamega, tazama chini

Wageni wengi wa Msitu wa Kakamega hushinda wameinua vichwa, wakitafuta mbega na ndege. Mimi hunipeleka kule maua madogo ya Impatiens, yanayoota chini kabisa, kando ya vijito, kwenye kivuli kizito. Huu ni mabaki ya msitu wa mvua wa aina ya Kongo, ndiyo maana udongo wake una unyevu yanaoupenda.

Nenda asubuhi. Mvua ya kule hupenda kushuka alasiri, na ikishuka njia ni utelezi mtupu. Kutoka Kisumu panda matatu ya Kakamega, shuka Khayega, kisha bodaboda ikufikishe Isecheno kupitia Shinyalu. Mwambie kiongozi mapema kwamba umefuata maua, la sivyo atakukimbiza kwenye miti mikubwa. Suruali ichomeke ndani ya soksi. Siafu wa huko hawana mchezo.

Ukifika kijitoni, chuchumaa. Shina ni laini, limejaa maji, linapitisha mwanga. Nyuma ya ua kuna mkia mwembamba, na humo ndimo nekta hukaa. Kisha tafuta tunda la kijani lililonona. Likiwa limekomaa, liguse tu kwa ncha ya kidole: linapasuka ghafla, maganda yanajikunja, mbegu zinarushwa huku na huku. Ukiwa na watoto, kuwabandua hapo ni kazi! Kwa picha, zima flashi, umshikishe mwenzako karatasi nyeupe pembeni iakisi mwanga.

Usiung'oe mmea. Msitu ni hifadhi, na hata ukiuficha mfukoni utakuwa umenyauka kabla hujafika Chavakali. Ukitaka wa nyumbani, nunua jamaa zake kwenye vitalu vya miche vya kando ya barabara. Hao wamezoea chungu. Baadaye kata kitawi, toa majani ya chini, kitie kwenye glasi ya maji. Kikitoa mizizi, kihamishie kwenye udongo wenye mboji.

Kisumu, chungu kikae upande usiopigwa na jua la mchana. Nakuru, kikinge na upepo mkavu wa Januari. Majani yakilala adhuhuri, usikimbilie kuutupa: ukiumwagilia, mara nyingi jioni husimama tena.