Sanduku la Wasomaji: Shule Mbili Zikitaka Kuwa Moja

Barua nne za toleo hili zinahusu jambo moja: shule za msingi za Serikali hapa Uganda zilizokaribiana, watoto wamepungua, na wakubwa wameanza kuzungumzia kuziunganisha. Jibu la kwanza limekula nafasi kubwa kwa kuwa mengine yote yanalitegemea.

Shule yetu ina wanafunzi 96 kuanzia darasa la kwanza (P1) hadi la saba (P7). Jirani yetu, kilomita 2.2 kutoka hapa, wana 143. Tunaambiwa tukiungana Serikali itaokoa fedha na watoto watafundishwa vizuri zaidi. Kamati ianzie wapi? – Mjumbe wa kamati ya shule, Arua

Anzeni kwa kuhesabu vichwa, wala msianzie na rejista. Hesabuni siku tatu tofauti katikati ya muhula wa pili, mojawapo iwe siku ya soko. Muhula wa kwanza wengine hawajarudi, wanatafutiwa sare. Muhula wa tatu wengine wameshaacha. Kisha linganisheni hesabu tatu: vichwa, rejista, na idadi iliyoingizwa kwenye EMIS, mfumo wa takwimu wa Wizara ya Elimu ambamo kila mtoto ana namba yake. Mara nyingine "kupungua" kunakopigiwa kelele ni wanafunzi hewa waliofutwa, na shule haijapoteza mtoto hata mmoja.

Kama watoto wamepungua kweli, fuatilieni walikokwenda, nyumba kwa nyumba, pamoja na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Wakiwa wamehama na wazazi wao, kuunganisha kuna maana. Wakiwa wamekwenda shule ya binafsi hapo hapo kijijini kwa sababu walimu wenu hawaonekani darasani, mtahamisha ugonjwa kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Tena mkirefusha njia, shule hiyo ya binafsi itawachukua na waliobaki.

Sasa fedha. Ruzuku ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ina mafungu mawili: fungu la kudumu ambalo kila shule hupata kwa kuwa ni shule, na fungu linalomfuata mwanafunzi, shilingi 20,000 kwa mwaka. Watoto wenu 239 wataleta shilingi 4,780,000 wakiwa shule moja au mbili, ni zile zile. Kinachopotea ni fungu moja la kudumu. Kwa hiyo anayewaambia shule mpya "itakuwa na fedha nyingi" hajapiga hesabu.

Faida iko kwa walimu, na hapo ndipo pa kukazia macho. Kwa uwiano wa mwalimu 1 kwa wanafunzi 53, watoto 239 wanastahili walimu 5. Lakini shule yenye madarasa 7 haiendeshwi na walimu 5, ndiyo maana utaratibu ni angalau mwalimu mmoja kwa kila darasa, mbali na mwalimu mkuu. Shule mbili zinahitaji walimu 14 na wakuu wawili; shule moja, walimu 7 na mkuu mmoja. Tuseme ninyi mna walimu 4 na jirani wana 5, hali ya kawaida kwa shule ndogo za vijijini. Leo hakuna shule kati ya hizo mbili inayoweza kuweka mwalimu kila darasa. Mkiungana mna 9 kwa madarasa 7, na wawili wa ziada wanaweza kupewa P1, darasa linalosahaulika kuliko yote.

Halafu pimeni njia. Kosa kubwa ni kupima kutoka shule hadi shule. Zile kilomita 2.2 hazimhusu mtoto. Kinachomhusu ni kutoka mlangoni kwao. Anayekaa kilomita 2.5 upande wa pili wa shule inayofungwa atatembea kilomita 4.7 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kwa mguu wa mtoto wa miaka sita ni zaidi ya saa moja na nusu kila upande. Tembeeni naye msimu wa mvua, mwangalie kijito na barabara kubwa. Kuna pia suala la parishi: sera ya Serikali ni kila parishi iwe na shule ya msingi ya Serikali. Mkifunga iliyo pekee katika parishi yake, mtakuwa mnakwenda kinyume na sera hiyo, na diwani wa huko atawakumbusha.

Ndiyo sababu tunapendelea njia ya katikati. Unganisheni P5 hadi P7 kwenye shule moja, na mwache P1 hadi P4 mahali zilipo kama tawi, chini ya mwalimu mkuu mmoja na kamati moja. Wakubwa wana miguu ya kutembea na wanahitaji walimu wa masomo. Wadogo wanahitaji ukaribu. Kwenye tawi, walimu wawili wanaweza kufundisha madarasa mawili mawili, mradi wafundishwe namna ya kupanga ratiba: P1 na P2 chumba kimoja, kundi moja likisoma na mwalimu, lingine likiandika. Bila mafunzo hayo kundi moja hukaa bure nusu ya siku.

Mwisho, majengo. Watoto 239 kwa uwiano wa tundu moja la choo kwa watoto 40 wanahitaji matundu 6, ya wavulana mbali na ya wasichana mbali, pamoja na chumba cha kuogea cha wasichana. Walimu wawe na yao. Madawati, watatu kwa dawati, ni 80. Madawati hubebwa kwa lori siku moja, lakini shimo la choo halibebeki. Chimbeni kabla watoto hawajahama. Shule nyingi hufanya kinyume, na muhula wa kwanza wasichana wakubwa huanza kubaki nyumbani.

Shule moja iko ndani ya Jiji la Arua, nyingine imebaki wilaya ya Arua. Je, mpaka unazuia? – Mwalimu, Arua

Hauzuii, ila unaongeza makaratasi. Tangu jiji lilipojitenga na wilaya mwaka 2020, hizo ni serikali mbili za mitaa: huku kuna karani wa jiji, kule kuna CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, na kila upande una ofisi yake ya elimu na orodha yake ya mishahara. Mnahitaji maazimio mawili ya mabaraza, kisha yapelekwe Wizarani, kwa maana ruzuku ya shule inatoka serikali kuu.

Panapoharibika ni mishahara. Mwalimu hufutwa upande mmoja kabla hajaingizwa upande wa pili, akakaa miezi bila kulipwa. Usikabidhi darasa kabla ya kushika barua mbili, ya kuachiliwa na ya kupokelewa, zenye tarehe moja, na tarehe hiyo iwe mwanzo wa mwezi. Weka nakala zako mwenyewe.

Ruzuku nayo hupangwa kwa hesabu iliyokwishapelekwa. Watoto wasipohamishwa kwenye EMIS mapema, kila mmoja kwa namba yake, fedha zao zitaendelea kwenda kwenye akaunti ya shule iliyofungwa. Na P7 msiwaguse katikati ya mwaka. Wameandikishwa UNEB, baraza la mitihani la taifa, kwa namba ya kituo chao. Wamalize PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, pale walipoandikishwa. Muungano uanze Februari, mwaka wa masomo unapofunguliwa.

Shule moja ilianzishwa na Waislamu, nyingine na Kanisa. Jina litakuwa lipi, mwenyekiti nani, na ardhi ya shule itakayofungwa inakuwa ya nani? – Mzazi, Bombo

Hapa ndipo miungano mingi inapovunjikia, hata kama hesabu zote ni nzuri. Kila dini ilijenga shule yake, ndiyo maana tunaona shule mbili zinatazamana barabarani. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inampa mwanzilishi nguvu kubwa kwenye kamati ya shule, uenyekiti ukiwemo. Kwa hiyo msizungumzie jina kwanza. Waiteni waanzilishi wote wawili mkubaliane kwa maandishi: nani atateua wajumbe wangapi, uenyekiti utakwendaje, kipindi cha dini kitafundishwa na nani kwa kila kundi, Ijumaa watoto wa Kiislamu watatoka saa ngapi, na jikoni nyama itachinjwa na nani. Hili la mwisho watu hulicheka, lakini ndilo litakaloamua kama mzazi wa Kiislamu atamleta mtoto wake.

Ardhi: tafuteni hati kabla ya mkutano wowote wa hadhara. Kwa upande wa Buganda, kipande kinaweza kuwa cha mailo, yaani ardhi ya umiliki binafsi wa kudumu, kwa jina la mtu ambaye babu yake alikitoa kwa mdomo tu. Kikiwa ni wakfu, hakiuzwi wala hakigawanywi. Matumizi yabaki yale yaliyokusudiwa. Majengo yakikaa matupu mwaka mmoja, mdai atajitokeza. Yaachieni tawi la P1 hadi P4 au shule ya chekechea ya jamii, na mipaka ipimwe siku wilaya, LC1 na waanzilishi wote wapo.

Jambo dogo lisiloulizwa: P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya eneo. Hakikisheni shule zote mbili zinatumia lugha moja, la sivyo mtoto wa P2 ataanza kusoma upya.

Ndugu yangu yuko Marekani, anasema huko wanaunganisha "wilaya za shule". Ni jambo hilo hilo? – Msomaji, Jinja

Sivyo. Huko wilaya ya shule ni mamlaka kamili, yenye bodi yake, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya mali ya wakazi. Mwaka 1940 zilikuwa takribani 117,000. Leo ni kama 13,000. Wakiunganisha, wanaunganisha bodi na kodi, na majengo ya shule yanaweza kubaki yote. Kwetu hakuna kodi ya namna hiyo ya kugombania. Kinachounganishwa ni shule zenyewe, walimu na watoto wao.