Ukiwa Nairobi na Ndugu Yako Yuko Vitani

Usiku wa Jumapili, 26 Januari 2025, nilimpigia dada yangu simu mara 19. Ameolewa Goma, mashariki mwa Kongo, anakaa Majengo (Majengo ya kule, si hii yetu ya Pumwani), na waasi wa M23 walikuwa wamefika mlangoni mwa mji. Kule stima na maji vilikuwa vimekatika. Mimi niko Kayole, simu yangu imechomekwa ukutani, nammalizia yeye chaji.

Alfajiri akaniandikia: "Kaka, acha kupiga. Ikilia wanasikia."

Kwa hiyo ukiwa na mtu wako kwenye mapigano, mpe nafasi akutafute yeye. Sisi tulikubaliana nukta: saa moja jioni anawasha simu, anatuma nukta moja, anazima.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi. Meseji aliyonieleza wamejificha wapi niliisukuma kwenye kundi la familia, watu waombe. Kabla ya saa sita mchana ilinirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua, nyumba imetajwa na idadi ya watoto. Waambie jamaa kwamba walio kule wako hai, basi. Naye afute picha zozote za askari, wa upande wowote ule, kabla hajatoka nje, maana vizuizini simu hupekuliwa.

Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, na risasi haiujui ubao. Godoro pia halizuii kitu, ingawa kila mtu hukimbilia godoro. Nilimwambia atafute ukuta wa yale mawe meusi ya volkeno, walale chini kabisa, mbali na dirisha, na ikiwezekana kuta mbili ziwe kati yao na barabara. Mtoto ashonewe ndani ya nguo jina lake na namba ya simu ya mtu aliye nje ya mji.

Mikataba ya Geneva ya 1949, kifungu cha 3, inakataza kumdhuru asiyeshika silaha, na inavibana hata vikundi vya waasi. Najua karatasi haizuii risasi. Lakini bunduki ikifichwa uani kwako, nyumba yako inaanza kuonekana kambi. Shemeji aliletewa gunia la silaha ili alifiche. Hakubishana, alisema ndani kuna mgonjwa wa kipindupindu. Watu walikuwa wanachota maji ya ziwa, kwa hiyo uongo ule ulikaa vizuri. Waliondoka na gunia lao.

Akipotea kabisa, nenda Msalaba Mwekundu hapa Nairobi. Hutafuta jamaa bila malipo. Beba majina yake yote, ya wazazi wake, na mahali alipoonekana mwisho.

Jumatano ile nukta haikuja saa moja. Nilikaa juu ya mikono yangu nisipige. Ilifika saa nne na dakika kumi, zikiwa mbili. Sikuuliza ya pili ni ya nini.