Madogo wa masikio, punguzeni mkono wa sakisheni

Jana jioni nilikuwa na maresidenti kwenye maabara ya mifupa ya kichwa, wanafanya mazoezi ya kuweka kipandikizi cha mizani (kifaa kinachopeleka umeme kwenye neva ya mizani), na kila mmoja akishafungua tu mfereji wa nusuduara (mmoja wa ile mitatu ya sikio la ndani inayohisi kichwa kikigeuka), mkono wa kushoto unaleta sakisheni, yaani mrija wa kunyonya maji na damu, palepale akaushe paonekane vizuri. Jamani! Nimesema, nimerudia, na leo naandika ili nisirudie tena wiki ijayo.

Kumbukeni tumetoka wapi. Geneva walipoanza 2007 waliweka elektrodi za mizani kwenye masikio yaliyokwisha kuwa viziwi, kwa hiyo usikivu haukuwa na cha kupotea. Seattle wakaja na wagonjwa wa Ménière (ugonjwa wa sikio la ndani unaoleta kizunguzungu), masikio yaliyopandikizwa yakapoteza usikivu. Halafu Johns Hopkins kule Baltimore wakachukua watu waliopoteza mizani pande zote mbili, wengi wao kwa dawa za jamii ya gentamicin, ile ile tunayochoma wodini kila siku, lakini bado wanasikia. Matokeo ya watu 8 yalitoka 2021: watano usikivu ulishuka kwa desibeli 3 hadi 16, watatu ukashuka kwa 74 hadi 104. Angalieni hizo namba, hakuna wa katikati. Sikio ama linavumilia ama linakufa, ndiyo maana sikubali mtu aniambie "kidogo tu dokta".

1. Mfereji unafungulika na sikio likabaki zima. Tunalijua hili tangu Parnes na McClure walipoanza kuziba mfereji wa nyuma kwa wagonjwa wa kizunguzungu cha mkao, 1990. Kwa hiyo msijifariji kwamba usikivu ukipotea ni bahati mbaya.

2. Maliza kazi yote ya mfupa kwanza. Ampula zote tatu (ule uvimbe mwishoni mwa kila mfereji, penye neva) zionekane kwa rangi kupitia mfupa mwembamba, uoshe vumbi na damu yote, ndipo ufungue, kwa kichwa cha drili cha almasi na mwendo wa polepole. Ya juu na ya pembeni ni majirani, ile ya nyuma iko peke yake chini huko karibu na neva ya uso na ndiko mnakochoka na kuanza haraka. Drili isiguse fuawe (kile kifupa kidogo cha kusikia), hata kidogo.

3. Sakisheni. Hapa nikae kidogo. Perilimfu (maji yanayozunguka utando wa ndani) ya mfereji na perilimfu ya kokolea (konokono ya kusikia) ni maji yale yale, yanakutana kwenye vestibuli, chumba cha katikati cha sikio la ndani, na ukinyonya dafu kwa mrija huchagui maji yatoke upande gani. Utando ukichanika, endolimfu (maji ya ndani ya utando) yenye potasiamu nyingi inamwagikia perilimfu, na seli za nywele zinazohisi sauti haziwezi kuishi humo.

Mimi nililijifunza kwa mama mmoja mwenye kolesteatoma (ngozi inayoota ndani ya sikio na kula mfupa), miaka kabla sijagusa kipandikizi chochote. Siti skani ilionyesha mfupa wa mfereji wa pembeni umeliwa, na ukimbonyeza sikio anaona kizunguzungu, yaani fistula (tundu la mfereji) nilikuwa naijua kabla sijaingia thieta. Nikabandua utando wa kolesteatoma pale juu ya mfereji taratibu kabisa, ukatoka vizuri, kikatokea kitone cha maji masafi, na mkono wangu ambao miaka yote umefundishwa kukausha uwanja ukakinyonya. Sekunde moja. Nikaweka fashia (kipande cha utando wa msuli cha kuzibia), nikafunga, nikaandika ripoti nzuri. Asubuhi nikampima kwa uma wa sauti wa 512 (chuma kinacholia ukikigonga) katikati ya paji la uso, bandeji ikiwa bado kichwani, nikamuuliza mama, sauti iko upande gani? Akaonyesha lile sikio jingine, ambalo sikulipasua. Nikapiga tena, akaonyesha kule kule, akaniangalia akauliza, "Dokta, hili la huku litafunguka lini?" Nilimwambia ukweli siku hiyo hiyo, kwamba halitafunguka na kwamba ni mimi. Alinyamaza, kisha akaomba nimweleze mwanawe kwa simu kwa sababu yeye hataweza. Nilipiga.

Kwa hiyo: ukishafungua mfereji, sakisheni haigusi tundu. Damu ifyonze kwa pamba iliyolowa ukiwa pembeni, maji ya kuoshea yamwagike yenyewe, na kama huoni vizuri, subiri.

4. Deksamethasoni (dawa ya kutuliza uvimbe) iingie kabla ya kufungua, na fashia iwe tayari mezani, siyo mtu aanze kuitafuta tundu likiwa wazi.

5. Elektrodi iingie mara moja. Najua kishawishi, unataka iwe karibu na neva ya ampula ili mkondo wa umeme usivujie neva ya uso, vipimo vinakuja hafifu, unasukuma kidogo, unavuta, unasukuma. Kila kusukuma ni nafasi nyingine ya kuchana utando. Kama ni lazima urekebishe, mwite mkubwa wako kwanza, hakuna atakayekucheka.

6. Odiogramu (kipimo cha usikivu) iwe ya wiki hiyo hiyo, ya sauti kupitia hewa na kupitia mfupa. Baada ya opresheni sikio limejaa damu na kipimo cha hewa kitakutisha bure, angalia mfupa. Uma wa 512 kaa nao mfukoni: sauti ikienda upande uliopasuliwa, kokolea bado inafanya kazi. Na kabla mgonjwa hajatia sahihi mwambie zile namba za Baltimore kama zilivyo, watano na watatu, kwa lugha yake, mwenzake akiwepo, halafu umwache alale nazo usiku mmoja ndipo urudi na fomu.