Maswali ya Wasomaji: Kutoka Sigi hadi Amani kwa Miguu

SWALI: Mhariri, salaam. Tuko wanne, hatujawahi kupanda mlima. Tunataka kutoka Sigi hadi Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, mwezi Julai. Raba zitatosha? Na sweta ya nini, ikiwa Tanga ni joto hivi?
Msomaji wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Raba zinafaa kama soli bado ina meno marefu. Iliyolika itawaangusha, tena si mkipanda bali mkishuka, maana udongo ni wa mfinyanzi na juu yake pana majani yaliyooza. Ukilowa, unateleza kama sabuni. Shukeni kwa hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, wayo utue wote pamoja. Kateni kucha za miguu mapema, la sivyo vidole vitagonga ncha ya kiatu hadi kucha ziwe nyeusi. Mvua ikinyesha, rudini kwa barabara ya gari, si aibu.

Sigi iko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, Amani karibu 900. Mwinuko huo hupunguza joto kwa nyuzi 3 hivi, na Julai ni kipupwe. Lakini kinachotetemesha hasa ni shati lililolowa jasho: mkifika juu, badilisheni shati kwanza, ndipo mvae sweta.

Maji, lita 2 kila mtu. Kivuli cha msitu hudanganya, kiu huisikii. Mkishatoka kwenye miti na kuingia mashamba ya chai upande wa Kwamkoro, jua linawadai yote kwa mpigo.

Njiani mtazame miti. Penye Maesopsis nyingi, mara nyingi msitu uliwahi kukatwa. Mti huo ni mgeni, uliletwa na watu, na ndege aitwaye hondohondo humeza matunda yake na kusambaza mbegu.

SWALI: Siafu wakituvamia? Na mwongozaji ni wa lazima?
Msomaji wa Muheza

JIBU: Chomekeni suruali ndani ya soksi. Mkiukuta msafara wao, vukeni mbio bila kusimama. Kujipukuta ni baadaye, mbali nao. Mwongozaji mchukueni Sigi, kwenye geti la hifadhi ya msitu, mnapolipia kiingilio, kwani vijia vingi huchepuka kwenda mashambani na ukungu ukishuka vyote hufanana. Anzeni saa 2 asubuhi, mgeuze saa 8 mchana. Chini ya miti giza huingia saa 12 kasoro, kabla jua halijazama.