Ng'ombe aliyetupa mimba ya miezi 7: asirudi kwa dume kabla ya kupimwa damu

Ndugu mfugaji, nimesoma maelezo yako mara mbili. Unasema ng'ombe wako chotara wa Friesian ametupa mimba ya miezi 7, zalio halijatoka hadi siku ya pili, jirani anadai ni upungufu wa lishe, nawe unauliza kama inatosha kumchoma antibayotiki, kisha akiingia kwenye joto umpeleke kwa dume la kitongoji au, ikishindikana, umuuze. Kwa dume asiende, na sindano peke yake haitoshi, maana huenda ni brusela, ugonjwa wa bakteria unaotupisha mimba. Nasema hivyo kwa sababu njia hiyo hiyo niliipita mimi hapa Rungwe, nikapoteza mimba tatu katika kundi la ng'ombe watano.

Mtamba wangu nilimnunua mnadani mwaka 2016, akiwa na mimba changa na afya nzuri kwa macho, bila kupimwa chochote. Mwezi wa saba wa mimba akatupa usiku, na asubuhi nilimkuta amesimama pembeni mwa banda huku zalio likining'inia. Nilisubiri hadi jioni ya siku ya pili, kisha nikalivuta kwa mikono mitupu. Nalikumbuka vizuri zalio lile: lilikuwa nene na gumu kama ngozi iliyolowekwa, vile vinundu vinavyoshika kizazi vikiwa vimeoza, na katikati yake kuna uchafu wa manjano unaofanana na usaha. Ndama mfu nilimtupa migombani. Mbwa wakamburuta hadi kwenye majani ninayokata kwa ajili ya malisho, na ng'ombe wengine wawili waliokuwa na mimba walilamba matandiko yale kabla sijayaondoa. Ndani ya miezi minne, wote wawili walitupa.

Ugonjwa huo ulikuwa brusela, ambao wengi wetu tunauita ugonjwa wa kutupa mimba. Bakteria wake hupenda kizazi chenye mimba, hivyo ndama aliyetupwa, zalio na majimaji yanayotoka kwa wiki kadhaa baadaye hubeba vimelea kwa wingi usioweza kuukadiria kwa macho, na katika sehemu zenye ubaridi, unyevu na kivuli kama huku kwetu vimelea hivyo huishi muda mrefu kuliko mahali penye jua kali. Jambo lililonipoteza zaidi ni kwamba yule mtamba alishika mimba tena na mwaka uliofuata akazaa ndama hai, nami nikaamini amepona. Hakuwa amepona. Ng'ombe mwenye brusela kwa kawaida hutupa mara moja tu, kisha huzaa salama huku bakteria wakiwa wamejificha kwenye kiwele na kwenye tezi, na kila anapozaa humwaga vimelea upya na kuvitoa katika maziwa. Hakuna tiba ya ng'ombe inayotegemewa kumsafisha kabisa, ndiyo maana nasema sindano itakupa matumaini ya uongo.

Hata hivyo, usihitimishe kuwa ni brusela kabla ya vipimo, kwa maana si kila mimba inayotoka ni brusela. Kama ng'ombe wanapandwa na dume moja, wanarudia joto mara kwa mara na mimba zinapotea katika miezi ya mwanzo, shaka kubwa iwe trikomonasi au vibrio, magonjwa ambayo dume huyasambaza bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili yoyote. Mkojo mwekundu pamoja na homa, hasa kwa ndama, huweza kuashiria leptospira, ugonjwa mwingine wa bakteria, ingawa ndigana ya mkojo mwekundu inayoletwa na kupe nayo hufanya hivyo. Na endapo mvua zimezidi, mbu ni wengi, na mbuzi, kondoo na ng'ombe wa kijiji kizima wanatupa kwa wakati mmoja huku watoto wao wachanga wakifa, toa taarifa siku hiyo hiyo, kwani homa ya Bonde la Ufa ilikuja kwa sura hiyo mwaka 2006 na 2007 na iliua watu.

Mimi nilikuja kupata ukweli pale daktari wa mifugo alipochukua damu ya kundi zima. Aliitenga seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe nyekundu, akaweka tone moja la kila ng'ombe juu ya kigae cheupe, akalichanganya na tone la dawa ya rangi ya waridi inayoitwa Rose Bengal, akakiyumbisha kigae taratibu kwa dakika nne. Matone mawili yalibaki laini. Matatu yaliganda chembechembe kama maziwa yaliyokatika, dalili ya brusela. Sampuli hizo zilithibitishwa baadaye katika maabara. Kwako, omba damu ipimwe sasa na irudiwe baada ya wiki tatu, kwa kuwa ng'ombe aliyetoka kutupa anaweza kuonekana mzima kwenye kipimo cha kwanza.

Nami niliugua. Kwa miezi miwili nilikuwa na homa inayokuja jioni na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya kiuno, nikitibiwa malaria na taifodi kwa zamu, mpaka nilipomweleza daktari wa hospitali kwamba ng'ombe wangu wanatupa mimba ndipo akaagiza kipimo cha brusela. Nilimeza dawa za aina mbili kwa wiki 6. Kwa hiyo kama kuna mtu nyumbani mwenye homa isiyoeleweka, hasa mjamzito au aliyesaidia kuzalisha, aende hospitali na aseme wazi kuwa anafuga.

Kwa leo, mtenge ng'ombe huyo, usilivute zalio, mwite daktari aliye na glovu ndefu. Ndama na zalio vizikwe shimo refu pamoja na chokaa, mahali ambapo mbwa hawafukui, na matandiko yachomwe. Maziwa yote yachemshwe hadi yafoke kabla ya kunywewa au kugandishwa, kwa sababu mtindi wa maziwa mabichi hausalimiki kwa uchachu wake. Akionekana mzima kwenye vipimo vyote viwili, mpe angalau siku 60 kizazi kirudi mahali pake, kisha tumia mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu za dume kwa mrija: ukiona joto asubuhi ahimilishwe jioni, ukiliona jioni ahimilishwe asubuhi. Ndama jike zako zipate chanjo ya brusela iitwayo S19 zikiwa na umri wa miezi 3 hadi 8, si baadaye, maana ikichanjwa kubwa damu yake inaweza kusomeka kama ya mgonjwa. Na chanjo yenyewe ni bakteria hai, aichome mtaalamu.

Kuhusu kumuuza, akithibitika ana brusela asiende mnadani wala kwa mfugaji mwingine. Wangu watatu walikwenda machinjioni kwa taarifa ya afisa mifugo, na wachinjaji wakaambiwa mapema wavae glovu na wasiguse kizazi wala kiwele kwa mikono mitupu.