Umeme kukatika wakati wa baridi New York: nani analipia chakula?
Kampuni ya umeme hulipa, ila katizo liwe limezidi saa 72 mfululizo na limekumba wateja wengi, si nyumba yako tu. Ndivyo sheria ya jimbo inavyosema. Ukipeleka orodha ya vilivyoharibika, kimoja kimoja, unapata hadi dola 235. Ukiongeza ushahidi kama risiti na picha, hadi 540. Madai yafike ndani ya siku 14 tangu umeme urudi, kwa hiyo piga picha kabla ya kutupa chochote. Kampuni inaweza kuomba isamehewe, na majimbo mengi hayana sheria kama hii; huko angalia bima ya nyumba. Mwenye SNAP (msaada wa serikali wa kununulia chakula) atoe taarifa ya hasara ndani ya siku 10.

Friji isipofunguliwa hustahimili saa 4 tu, friza iliyojaa saa 48, ya nusu 24. Nyama ikiwa bado ina chembe za barafu, igandishe tena. Tafadhali usihifadhi chakula nje kwenye theluji: jua hukipasha na wanyama hukifikia. Gandisha maji nje kwenye madumu, uyaingize kwenye friji.